Ehudi Alikuwa Mtu wa Shoto

Bwana asifiwe wapendwa, wiki hii tuko Waamuzi 3:12-30, habari za Ehudi, na kusema kweli wengi tunairuka hii manake ina damu na sa ingine inachekesha.

Israeli wamemtumikia Egloni mfalme wa Moabu miaka 18, wamemlilia Mungu, halafu mwokozi wanaoletewa ni mtu wa shoto. Enzi zile mkono wa kulia ndo wa heshima na baraka, kumbuka Yakobo alivyopishanisha mikono akibariki wajukuu, wa kulia ukaenda kwa mdogo, baba yao Yusufu hakupendezwa kabisa (Mwanzo 48).

Sasa angalia kazi yenyewe. Ehudi kajitengenezea upanga wa makali kuwili, urefu dhiraa moja, kaufunga paja la kulia ndani ya nguo. Askari wa kawaida anafunga kushoto ndo achomoe kwa kulia, si ndio? Biblia haisemi kama walinzi walimpekua, ila hata wangemtazama macho yangeenda upande mwingine, na mkono wa kushoto ukisogea nani anashtuka? Anapeleka kodi, anasema ana neno la siri kwa mfalme, watu wanatolewa nje, anamchoma mfalme upanga anakufa, na kile ambacho pengine alichekwa nacho toka utotoni ndo kinafanya kazi ambayo mkono wa kulia ungestukiwa mapema.

Mungu hakumbadilisha mkono kwanza. Hata Paulo aliomba mara tatu mwiba, yaani udhaifu uliomtesa mwilini, umtoke akajibiwa "Neema yangu yakutosha" (2 Wakorintho 12:9). Sisi tunataka tunyooshwe kwanza ndo tutumike, eti kigugumizi kiishe ndo nishuhudie, aibu iniishe ndo niende kuona wagonjwa, wakati jamani mwenye aibu ndo anayejua kukaa na mgonjwa nusu saa bila kumchosha na maneno.

Ila tusidanganyane, sisemi dhambi hapa. Hasira ya kuumiza watu wa nyumbani kwako sio shoto, hiyo ni ya kutubu.

Kwa hiyo lile jambo unaloomba kila siku likutoke, wiki hii hebu muulize Bwana anataka kulitumia wapi. Na sura yote someni, nchi ilitulia miaka 80 baada ya hapo, ila mkifika mstari wa 24, vile watumishi wanangoja mlangoni wakidhani mfalme kaenda haja, kama mnasoma kwenye ibada jikazeni msicheke.