Chumba cha mamangu kimepata mwanga, jua tumeliwacha nje

Mamangu anashona kofia. Zile za mkono, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, na anayeijua hii kazi anajua mwanga ukipungua kidogo tu macho yanauma na mishono inakwenda kombo. Sasa nyumba yetu iko Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, kichochoro chembamba, ghorofa mbele ghorofa nyuma, na chumba chake kiko chini kabisa, hata saa sita mchana stima ilikua yawaka. Umri nao umeingia, jicho la mtu mzima haliingizi mwanga kama la kijana, kwahivo pale mimi naona sawa yeye aona kama ishakua maghribi. Hiyo iliniuma sana.

Nikaanza kutazama video za kupamba nyumba na zote zasema fungua pazia jua lijae ndani. Huko kwenye baridi sawa. Hapa Mombasa tuko kama digrii 4 kusini ya ikweta, jua lapita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, mwezi wa tatu na mwezi wa kumi, mwezi wa sita liko upande wa kaskazini, Disemba limehamia kusini, yaani hakuna ukuta linaousahau mwaka mzima. Mama mwenyewe alinambia mapema, "Mwanangu, nitilie mwanga, lakini jua liwache huko huko, litanipika." Basi nikashika hilo. Tunataka mwanga ulogonga kitu kwanza ukapunguza ukali, ndo uingie.

Na wallahi waliojenga hizi nyumba walilijua hili zamani. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene karibu nusu mita, kwahivo dirisha lina ubavu mpana kila upande. Mi naamini ule ubavu ndio sehemu muhimu zaidi ya chumba kizima na hakuna anayeuangalia. Wetu ulikua na rangi ya mafuta ya brauni sijui tangu lini. Rangi iloiva namna hiyo yameza karibu mwanga wote, nyeupe nzuri yarudisha kama asilimia 80. Fundi akakwangua yote, akapaka nyeupe isiyong'ara, pembeni, juu, na chini pale pa kuwekea mkono, na kabla hata hatujagusa ukuta mwengine mama akasema sasa aiona tundu ya sindano.

Dari sikutaka kuiharibu. Boriti za mikandaa, ile miti ya mikoko, tumeziacha na rangi yake, kati ya boriti na boriti ndo tumepiga chokaa. Vyumba vyetu ni vyembamba manake boriti haivuki sana mita 3, watu hulalamika, lakini kwa mwanga hiyo ni faida, wagonga huku warudi kule. Chokaa pia inapumua, mvua za mwezi wa tano zikishika hizi kuta zafyonza maji na rangi ya plastiki huvimba ikabanduka vipande vipande.

Kitu kilichobadilisha zaidi hakiko hata ndani ya nyumba. Dirisha la mama halioni mbingu, laona ukuta wa jirani, na ulikua umeshika ukungu mweusi mtupu. Nikamwendea nikamwambia ami, kama hutojali niupige chokaa huu upande wetu, gharama juu yangu. Akakubali palepale na ngazi akatoa yeye. Saa hii jua la asubuhi likigonga pale juu, mwanga wateremka hadi kwetu laini kabisa bila joto.

Mengine yalikua madogo. Kabati limetoka karibu na dirisha. Wavu wa mbu tumeuosha, vumbi na chumvi ya bahari vilikua vimeuziba. Pazia zito tumelitoa, tukaenda Biashara Street mama akachagua mwenyewe kitambaa chepesi cheupe, akakipapasa kila duka mpaka akaridhika. Zulia jekundu tumekunja tukatandika mkeka wa ukindu. Sahani zake za kaure zimerudi kwenye zidaka, vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vyombo, mahali pake hasa, na zinameremeta vizuri. Kioo nimekitundika ukuta wa pembeni, sio mkabala na dirisha, manake mkabala kingemrushia mwangaza machoni akiwa ameinamia kofia.

Kiti chake nacho tumekigeuza mwanga umjie kutoka kushoto, kwa vile ashona kwa mkono wa kulia, hapo kivuli cha mkono hakiangukii sindano. Kama una mzazi anayeshona ama anayesoma msahafu nyumbani jaribu hata hii moja tu, haina gharama yoyote.

Ukumbi bado una giza. Fundi alitaka kutia bati la plastiki juu upande wa kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, lipitishe mwanga, mama amekataa kwa sababu ya joto na mimi niko upande wake. Nimemuomba badala yake atoboe juu ya ukuta atie matofali ya matundu, upepo upite na mwanga pia. Atakuja kupima baada ya Ijumaa.