Nilivyopunguza programu zinazojiwasha zenyewe kompyuta ikiwaka

Kompyuta nyingi nilizozigusa Mwanza, kuanzia stesheneri za Nyegezi hadi ofisi za wauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, ni za mtumba: Windows 10, RAM ya GB 4, diski ya kuzunguka. Ukiiwasha inafika kwenye deski bila shida, halafu inakaa dakika tano au sita haitii. Kipanya kinasogea, Excel haifunguki. Mwenye duka atasema, “Fundi, niongezee RAM.” Mimi huanza kwanza na orodha ya programu zinazojiwasha. Diski ya kuzunguka ina mkono mmoja wa kusomea. Programu kumi zikiuita kwa mpigo, mkono unaruka huku na huko. Ndiyo maana Task Manager inaonyesha Disk 100% wakati prosesa imepumzika.

Kabla ya kuzima chochote napima, na kipimo lazima kianze na Restart, si Shut down. Windows 10 ina Fast Startup: ukizima kwa kawaida, sehemu ya mfumo huhifadhiwa kwenye diski na kurudishwa asubuhi, kwa hiyo kuwaka huko si kuwaka kamili. Ushahidi upo kwenye Task Manager, ukurasa wa Performance, chini ya CPU: “Up time” inaweza kusoma siku kumi kwenye mashine inayozimwa kila jioni. Naiwasha upya, naandika nywila, kisha nahesabu kwa saa ya simu mpaka asilimia ya Disk ishuke na kutulia. Nikitaka namba ya mfumo wenyewe, nafungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, njia ya Applications and Services Logs, Microsoft, Windows, Diagnostics-Performance, Operational. Tukio namba 100 linaeleza kuwaka kulichukua milisekunde ngapi. Namba 101 linataja programu iliyochelewesha, na 103 huduma (programu inayoendeshwa nyuma ya pazia) iliyochelewesha. Wengi hawapafungui hapo, wakati jibu limelala humo.

Orodha yenyewe imo Task Manager: bonyeza Ctrl+Shift+Esc, kisha “More details”, kisha tabu ya Startup. Safu ya “Startup impact” hutafsiriwa vibaya. High maana yake programu ilitumia zaidi ya sekunde moja ya prosesa au zaidi ya MB 3 za diski wakati wa kuwaka. Haina maana kwamba ni mbaya. Antivairasi huwa High na inabaki. Nabonyeza kulia kwenye kichwa cha safu na kuweka tiki kwenye “Command line”, maana jina peke yake hudanganya. Anwani ya faili ndiyo inayosema ukweli.

Nazima bila kuuliza: Spotify, programu za torenti, visasishaji vya programu za PDF, na ile programu ya modemu ya USB iliyoachwa na mtu aliyehamia hotspoti ya simu miaka mingi iliyopita. Hizi zinakula pia bando: mashine ikishikana na hotspoti tu, kila moja inakimbilia masasisho yake. Siigusi antivairasi, draiva ya padi ya kugusa ya laptopu, wala programu yoyote inayopeleka risiti kwenye mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi. OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, namuuliza mwenyewe kwanza. Kama folda ya Documents inahifadhiwa huko, ukiizima mafaili yataacha kupanda na hakuna atakayegundua mpaka diski ife.

Nazima tatu au nne, nawasha upya, napima, naandika daftarini. Ukizima kumi na tano kwa mpigo na skana ikagoma, utatafuta mchawi mchana kutwa. Kuzima hapa hakufuti kitu: Windows huweka alama tu kwenye rejista, yaani hazina yake ya mipangilio, na Enable hurudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Ukikuta mstari ulioandikwa “Program” bila nembo, usitishike. Mara nyingi ni mabaki ya programu iliyoondolewa, ambayo anwani yake ilianza na C:\Program Files bila alama za nukuu, hivyo Windows ikaishia kusoma kwenye nafasi ya kwanza.

Stesheneri zina ugonjwa wao: flashi za wanafunzi. Kwenye orodha utaona “Microsoft Windows Based Script Host”, mchapishaji Microsoft, unadhani ni halali. Tazama Command line: ni wscript.exe inayoendesha faili la .vbs lililofichwa kwenye AppData au Temp. Kirusi hicho ndicho kinachogeuza folda za flashi kuwa njia za mkato. Kukibonyezea Disable hakutoshi, kwa kuwa kinachokimbia hujiandika tena. Namaliza kwanza wscript.exe kwenye tabu ya Details, nafuta lile faili, naangalia folda ya shell:startup kupitia Win+R, halafu ndipo nafuta mstari wake kwa Autoruns ya Sysinternals, zana inayoorodhesha kila kinachojiwasha. Flashi yenyewe, kama ni herufi E, mafaili hurudi kuonekana kwa amri hii:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Kisha nafuta zile njia za mkato na faili la .vbs lililo kwenye flashi, la sivyo mteja anaondoka nalo na kulirudisha kesho.

Kazi iliyonichukua muda zaidi ni ya programu ya stoo na mauzo inayotegemea SQL Server, programu ya hifadhidata. Hiyo huwezi kuizima, muuzaji anaihitaji ya kwanza asubuhi. Tatizo ni mpangilio: programu inafunguka kabla hifadhidata haijasimama, inatoa kosa la kushindwa kuunganishwa, muuzaji anaifunga na kuifungua mara tatu, diski inazidi kulemewa. Kuna mafundi waliodhani wanasaidia kwa kuiweka huduma ya SQL kwenye “Automatic (Delayed Start)”. Hapo umeongeza tatizo, kwa sababu huduma za aina hiyo husubiri kama dakika mbili baada ya zile nyingine. Niliirudisha Automatic kwenye services.msc, orodha ya huduma za Windows, na kilichocheleweshwa kikawa programu yenyewe.

Nilizima mstari wake kwenye Startup, nikafungua taskschd.msc (Task Scheduler, kipanga kazi cha Windows) na kuchagua “Create Task”. “Create Basic Task” haina pa kuweka ucheleweshaji. General: “Run only when user is logged on”, maana chaguo la pili huiendesha programu bila dirisha na utadhani haikufunguka. Triggers: “At log on”, tiki kwenye “Delay task for”, orodha haina dakika mbili, lakini unaweza kuandika mwenyewe 2 minutes. Actions: anwani ya programu, na kwenye “Start in” anwani ya folda yake bila alama za nukuu. Ukiiacha wazi, programu itatafuta faili lake la mipangilio ndani ya System32 na kulikosa.

Mtego mkubwa uko kwenye Conditions. Windows yenyewe huweka tiki kwenye “Start the task only if the computer is on AC power”, na chini yake ipo ya kusimamisha kazi mashine ikihamia betri. Kwa umeme wetu huu! Ukikatika asubuhi, laptopu inawaka lakini programu haiji. Ukikatika mchana, Windows inaifunga programu muuzaji akiwa katikati ya ankara. Hata kompyuta ya mezani inaweza kupatwa na hili kama UPS imeunganishwa kwa waya wa USB, kwani Windows huiona kama betri. Ondoa tiki zote mbili. Kisha nenda Settings uondoe “Stop the task if it runs longer than 3 days”. Usipoiondoa, mashine isiyozimwa itafungiwa programu siku ya tatu, na utapigiwa simu kwamba mauzo yamejifunga yenyewe.