Asali Ilipoganda, Wateja Wakasema Nimetia Sukari

Nyuki hawakunisumbua sana. Kazi ilikuwa kumfanya mtu wa mjini aamini kwamba ninachomuuzia ni asali.

Mizinga yangu iko Sikonge, shambani kwa baba mdogo, pembeni mwa msitu wa miyombo. Ni ya masanduku ya mbao, imening'inizwa kwa waya ili nyegere asiifikie, na waya tunazipaka grisi kuzuia siafu. Mimi naishi Tabora mjini na nina ajira yangu, kwa hiyo nyuki ni wa Jumamosi na Jumapili. Baba mdogo alirithi mizinga ya magogo na hadi leo anayacheka masanduku yangu, ingawa goti likimuuma huanza kurina kwenye hayo hayo.

Tunarina jua likizama, maana nyuki wetu ni wakali. Natoa sega lililozibwa kwa nta angalau robo tatu. Lenye majana, yaani watoto wa nyuki, au lililo wazi linarudi mzingani. Asali ambayo nyuki hawajaiziba bado ina maji mengi, na hiyo huchacha. Kiwango cha Codex, yaani kanuni za kimataifa za vyakula, kinataka unyevu usizidi asilimia 20, kwa hiyo nilinunua refraktometa ndogo, kifaa cha kupimia unyevu huo: tone moja kwenye kioo, unachungulia ukielekea kwenye mwanga, unasoma namba. Ilikuwa ghali, na bei yake sijaijutia.

Kasheshe ilianza Julai. Usiku wa Tabora miezi hiyo una baridi, na asali huganda upesi zaidi kwenye nyuzi kama 14 hivi. Chupa zikawa nyeupe chini, chengachenga. Mama mmoja, mteja wa siku nyingi, akanirudishia yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, hii ni sukari umechemsha."

"Hapana mama, imeganda tu."

"Asali haigandi. Lete kiberiti."

Akachovya njiti, akaifuta kwa kidole, akaikwangua. Ikawaka. Yeye akalegea kidogo, mimi nikabaki na dukuduku, kwa sababu sharubati nzito ya sukari nayo inaweza kupita mtihani huo. Nikamwambia hivyo hivyo, ingawa ulikuwa umeniokoa. Kisha nikaleta sufuria ya maji ya uvuguvugu, tukaisimamisha chupa humo, tukapiga soga hadi chenga zikaanza kuachia pembeni. Nikamweleza kwamba ndani ya asali kuna sukari za aina mbili kubwa, na ile ya glukosi ndiyo hujitenga ikawa chenga; asali yenye glukosi nyingi huganda mapema kuliko nyingine. Motoni asiibandike kabisa, harufu yote itakwenda na mvuke.

Baada ya hapo nikaachana na chupa za maji zenye mdomo mwembamba, kwa kuwa asali ikigandia humo haitoki. Sasa natumia makopo ya mdomo mpana, mtu anachota kwa kijiko na kupaka mkate. Kuna wateja wanaotaka iliyoganda tu. Kibandiko kinataja kijiji, mwezi wa kurina, na namna ya kuiyeyusha. Nimeandika pia kwamba mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali, kwani inaweza kuwa na vimelea vya botulizimu, ugonjwa wa kupooza misuli, ambavyo utumbo wake hauviwezi. Nilidhani onyo hilo litafukuza watu. Kumbe kina mama ndio wanaosimama kuliulizia, na wakishasimama hununua.

Nta naiyeyusha, nyingine naipaka kwenye mizinga mipya kuwavutia nyuki.

Mwaka huu baba mdogo amenipa gogo la nyuki wadogo, wale wasiouma. Asali yao ni nyepesi, ina uchachu wa asili, na watu huigombania kama dawa. Ila unyevu wake unapita asilimia 20 hata ikiwa imekomaa vizuri, kwa hiyo kipimo changu cha unyevu hakiihusu. Kibandiko chake bado nakiandika.