Kumi na Mmoja Waliofika Nairobi, na Mmoja Aliyebaki Mombasa

Jumapili moja, wiki tatu zilizopita, wanachama kumi na mmoja wa klabu yetu walikimbia nusu marathoni jijini Nairobi, na wote kumi na mmoja walivuka mstari wa kumaliza kwa miguu yao wenyewe. Asiyeijua klabu yetu huenda akaliona hilo kuwa jambo dogo, kwa maana hakuna aliyepata zawadi ya fedha wala aliyetajwa redioni. Mimi nimekimbia na watu hawa kwa miaka minne na nimeyaona yaliyotupata huko nyuma, na kwa hiyo nayahesabu haya kuwa mafanikio makubwa kuliko vikombe vyote vilivyomo kabatini mwa katibu wetu.

Klabu yenyewe haina ofisi wala uwanja. Hukutana Jumanne, Alhamisi na Jumamosi baada ya Swala ya Alfajiri, penye mibuyu ya Mama Ngina, ufukweni Mombasa, pale ambapo meli zinazoelekea bandari ya Kilindini hupita karibu kiasi cha mtu kuweza kusoma majina yake. Wamo makarani wa bandarini, nesi, fundi cherehani, dereva wa tuktuk, walimu wawili na wanafunzi kadhaa. Anayetufundisha ni mzee aliyestaafu ualimu wa shule ya msingi, na ndiyo maana sote humwita Mwalimu badala ya kocha. Njia yetu ya kila siku hutoka ufukweni, ikapita Kizingo na Fort Jesus, kisha ikaingia katika vichochoro vya Mji wa Kale kabla maduka hayajafunguliwa na mikokoteni haijaanza kupita.

Ili niyaeleze mafanikio ya mwaka huu, sina budi kwanza kulitaja tukio la miaka miwili iliyopita, ambalo hatukupenda kulizungumza kwa muda mrefu. Tulikuwa tumeingia mbio za kilomita kumi hapa hapa Mombasa, katika miezi ya Kaskazi, wakati ambapo hata usiku ukuta wa nyumba hubaki na joto lake. Dereva wetu wa tuktuk, kijana mwenye miguu myepesi kuliko sote, alitoka kwa kasi na kuongoza kundi zima hadi kilomita ya tano. Sisi tuliokuwa nyuma tulishangilia. Kilomita mbili baadaye tulimkuta amelala kando ya barabara chini ya mwarobaini, ngozi yake imekauka, macho yamefumbuka lakini hamtambui yeyote. Alipelekwa hospitalini akatundikiwa maji, na alikaa huko siku mbili. Mama yake mzazi alipofika alituuliza swali moja tu: ni nani kati yetu aliyekuwa na jukumu la kumwambia apunguze mwendo? Hakuna aliyemjibu.

Wiki iliyofuata Mwalimu hakutukimbiza. Alituketisha chini ya mbuyu akatusimulia habari ya tarehe 24 Machi 2007, siku ambayo mji wetu ulipokea mashindano ya dunia ya mbio za nyika katika uwanja wa gofu ulio kando ya bahari, hatua chache kutoka pale tulipokuwa tumeketi. Nami niliikumbuka siku hiyo, kwa kuwa nilikuwa mtoto wa shule niliyebanwa katikati ya umati. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuja akiwa ameshinda mbio ndefu za wanaume miaka mitano mfululizo, tangu 2002 hadi 2006, na wengi waliamini kwamba hakuna wa kumshinda. Joto la Mombasa ndilo lililomshinda. Katika mzunguko wa mwisho alisimama na kutoka nje ya njia, na Zersenay Tadese wa Eritrea akaenda kuchukua dhahabu, akifuatwa na Moses Mosop wetu. Upande wa wanawake, Lornah Kiplagat, mzaliwa wa Kenya aliyekimbia kwa niaba ya Uholanzi, alimtangulia Tirunesh Dibaba. Nakumbuka mtu mzima mmoja karibu yangu akisema, Bekele alipotoka, "Kutangulia si kufika," na umati ukanyamaza kwa muda.

Mwalimu alitufafanulia sababu yake kwa lugha ya darasani. Jasho haliupozi mwili kwa kutiririka, bali kwa kukauka na kuondoka juu ya ngozi likiwa mvuke. Hewa ya pwani imejaa unyevu tayari, na kwa hiyo jasho linabaki likidondoka chini bila kufanya kazi yake. Moyo hulazimika kupeleka damu nyingi kwenye ngozi ili joto litoke, huku misuli nayo ikiidai damu hiyo hiyo, na mkimbiaji anayeshikilia kasi aliyoizoea mahali pa baridi hujikuta analipa deni asilolijua. Kutoka siku hiyo klabu iliweka utaratibu mpya. Nesi wetu alileta mizani, na kila Jumamosi tulipimwa uzito kabla na baada ya kukimbia, kwa kuwa kila kilo inayopotea ni karibu lita moja ya maji yaliyotoka mwilini. Tuligundua kwamba baadhi yetu hupoteza zaidi ya kilo mbili kwa saa moja na nusu. Tulijifunza pia kwamba kunywa maji matupu kupita kiasi kuna hatari yake, kwa sababu huipunguza chumvi iliyomo katika damu, na tangu hapo mifuko yetu ya mazoezi hubeba maji, madafu na vikaratasi vya chumvi. Sharti lililokuwa gumu kuliko yote lilikuwa la kasi: katika kilomita mbili za mwanzo, mtu yeyote asiyeweza kumjibu mwenziwe kwa sentensi nzima alitakiwa kutembea. Vijana walilalamika sana. Dereva wetu wa tuktuk, aliporudi baada ya miezi mitatu, hakulalamika hata mara moja.

Matunda ya kwanza tuliyaona mwaka huu wakati wa Kusi, katika mbio za kilomita kumi zilizotoka kisiwani, zikavuka Daraja la Nyali na kurudi. Daraja hilo tunalijua vizuri. Mwalimu, ambaye ujanani mwake alilivuka lile la zamani lililokuwa likielea juu ya maji, kabla ya hili kufunguliwa mwaka 1980, hutuambia kila mara kwamba mwinuko wake ni mdogo kwa gari na mkubwa kwa mtu aliyechoka. Tuliingia watu kumi na sita, tukavuka daraja la kwenda tukiwa katikati ya kundi, na wakati wa kurudi tukawapita watu tangu mwanzo wa daraja hadi mwisho wake. Watano wetu waliboresha muda wao.

Aliyetushangaza siku hiyo, hata hivyo, alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili ambaye klabuni tunamwita Mama Mahamri. Alishika nafasi ya pili kati ya wanawake wa rika lake, na baina yake na wa kwanza palikuwa na hatua chache tu. Ningependa kukaa kidogo kwenye habari yake, kwa kuwa naamini inafundisha mengi kuliko muda wa mkimbiaji yeyote mwingine tuliye naye.

Mama huyu hukaanga mahamri na kupika mbaazi katika kibanda chake Mji wa Kale, na kazi hiyo humwamsha saa tisa usiku. Wakati sisi tunapokutana chini ya mibuyu baada ya Alfajiri, yeye yuko mbele ya karai na wateja wamempanga foleni. Alipojiunga nasi, alituuliza kwa unyenyekevu kama angeweza kufanya mazoezi peke yake saa kumi jioni, baada ya Alasiri, ambao ndio wakati pekee alioupata. Tulimwonea huruma. Saa hizo lami bado inatoa joto, na yeye hukimbia akiwa amevaa mikono mirefu, suruali pana na ushungi. Tulimshauri apunguze siku, anywe maji, asijilazimishe, nasi tukaendelea na ubaridi wetu wa asubuhi tukidhani kwamba tumemtangulia.

Ukweli ulikuwa kinyume. Mwili ukikutana na joto kila siku kwa kiasi cha siku kumi hadi kumi na nne, hubadilika: huanza kutoa jasho mapema, jasho lenyewe hupungua chumvi, maji ya damu huongezeka, na moyo hupiga polepole zaidi kwa mwendo ule ule. Mama Mahamri alikuwa akiyafanya hayo mwaka mzima, kwa kiasi, bila kocha wala kitabu, kwa sababu tu riziki yake ilimnyima asubuhi. Siku ya mbio za Nyali zilichelewa kuanza, jua likapanda, na sisi wa Alfajiri tukaanza kulegea kwenye kilomita ya saba. Yeye alitupita mmoja mmoja, akimsalimia kila aliyempita kwa jina. Nami alinipita. Alisema, "Pole, mwanangu, shusha mabega," akaendelea.

Nairobi ilikuwa mtihani wa namna nyingine. Jiji hilo liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mtu aliyezaliwa na kukulia kisiwani huhisi mara moja kwamba pumzi anayoivuta haimtoshi. Joto halikuwepo, tulisimama mahali pa kuanzia tukitetemeka, wengine wakiwa wamejifunga leso mabegani. Tulikuwa tumesafiri kwa basi la usiku na kulala siku moja kwa jamaa zetu, jambo ambalo sasa naliona kuwa kosa letu, kwa kuwa mwili unahitaji siku nyingi zaidi ya hizo kuzoea mwinuko. Mwalimu alitoa agizo moja tu: kilomita tano za mwanzo tuzikimbie kama ambavyo tungekimbia Mama Ngina mwezi wa Februari, saa kumi jioni. Kila mmoja wetu alielewa maana yake.

Nilikimbia nyuma ya dereva wa tuktuk hadi kilomita ya sita, na sikumwona akimtazama hata mtu mmoja kati ya mamia waliotupita. Penye mwinuko alifupisha hatua zake, akashusha mikono, akaacha watu waende. Baada ya kilomita ya kumi na mbili aliniacha, na sikumwona tena mpaka mwisho, ambapo nilimkuta ameketi kwenye ukingo wa barabara na medali mkononi, akiwa na akili zake timamu, ananiuliza kama nimemwona nesi wetu na fundi cherehani. Alikuwa amemaliza kwa saa moja na dakika thelathini na nne. Alinionyesha simu yake: kilomita tano za mwisho alizikimbia kwa kasi kuliko tano za mwanzo. Nesi alifika, kisha fundi, kisha walimu wawili wakiwa wameshikana mikono. Tulisubiri hadi mwenzetu wa kumi na mmoja, karani wa bandarini mwenye umri wa miaka sitini, alipotokea kwa mbali akitembea na kukimbia kwa zamu, nasi sote tukaenda kumlaki. Kutoka pale dereva alimpigia simu mama yake. Sikuyasikia yote, ila nilimsikia akimwambia, "Nimefika, mama, na ninajijua."

Mbio zetu wenyewe za kupokezana vijiti, tulizozifanya Mama Ngina wiki iliyopita, nazitaja kwa ufupi. Timu nne zilishiriki, watoto wakapata kilomita mbili zao, na msichana mmoja wa shule ya msingi akawaacha wavulana wote mbali sana. Mwalimu ameahidi kwenda kuzungumza na wazazi wake ili aruhusiwe kuja mazoezini Jumamosi. Lingekuwa jambo jema mno kama tungekuwa na uwanja wenye njia za mbio wa kumfundishia, badala ya barabara tunayogawana na magari.

Mama Mahamri hakwenda Nairobi. Alisema kibanda hakiwezi kufungwa siku tatu, kwa kuwa mteja akipata mahamri kwingine harudi, na sisi tulilikubali neno hilo upesi kuliko ilivyostahili. Tuliporudi na medali zetu alitupikia mbaazi za nazi na kuzitazama medali hizo moja moja, akiuliza uzito wake. Hapo ndipo binti yake, ambaye ndiye humsaidia kukanda unga, aliposema kwamba mwakani atakaanga yeye, na kwamba ameshajifunza kiasi cha iliki kinachotakiwa.

Kusi imekwisha na Kaskazi inabisha hodi. Katika kikao cha Jumanne tumekubaliana kwamba mazoezi ya Alhamisi yahamishwe kutoka Alfajiri hadi saa kumi jioni, tuanze kwa dakika ishirini tu na kuongeza kidogo kidogo, na nesi awepo na mizani yake. Atakayeongoza ni Mama Mahamri. Ametutaka tufike baada ya Alasiri pale kibandani kwake, tukiwa tumekunywa maji, na kila mtu aje na kofia.