Kumbukumbu ya Mradi: Gurudumu Lililoning'inizwa kwa Nyuzi Tatu

Hatimaye nimepata namba ninayoiamini. Katika baiskeli yangu ya barabarani, kila gramu ya gurudumu la mbele huhesabika kama gramu 1.7 za fremu wakati wa kuongeza kasi, na kila gramu ya gurudumu la nyuma kama 1.5. Kanuni tuliyoizoea, kwamba gramu moja ya gurudumu ni sawa na gramu mbili za fremu, ni kweli kwenye ukingo wa nje wa tairi tu. Kadiri unavyosogea kuelekea habu, yaani kitovu cha gurudumu, ndivyo inavyopungua, na kwenye ekseli haina maana yoyote.

Mpango wa awali ulikuwa kupanda mlima mmoja kwa wati zilezile, mara kwa magurudumu mazito na mara kwa mepesi, kisha kulinganisha muda. Mlima ulikataa kusema lolote, na sababu imo katika hesabu yenyewe. Mwendeshaji na baiskeli wakiwa kilo 80, kupunguza gramu 400 ni kupunguza nusu ya asilimia moja, ambayo kwenye mpando wa dakika 40 haiwezi kuzidi sekunde 12. Tena hapo hakuna cha kuhesabu mara mbili, kwa kuwa katika kasi isiyobadilika mvutano wa dunia haujali kama gramu inazunguka na ringi au imetulia ndani ya chupa ya maji. Mita ya nguvu nayo, hata iliyo nzuri, huruhusiwa kukosea kwa asilimia 1 hadi 2, na upepo haukuniomba ruhusa kubadili mwelekeo. Ilikuwa sawa na kuchekecha unga kwa wavu wa samaki.

Ndipo nilipouacha mlima na kulipima gurudumu lenyewe. Gurudumu hulazwa bapa na kuning'inizwa kwa nyuzi tatu za urefu sawa, zilizofungwa kwenye ringi kwa nafasi sawa, kisha huzungushwa kidogo na kuachiwa lijisokote kwenda na kurudi. Kwa nyuzi za mita moja, gurudumu ambalo uzito wake wote umo kwenye ringi lingetumia sekunde 2.0 kwa kila mtikisiko, sawa na pendulamu ya kawaida ya urefu huo. Uzito unapojikusanya katikati, muda huo hupungua.

Kilichonitesa ni kuyumba. Gurudumu halikubali kujisokota tu. Hubembea pia upande kwa upande, na kwa kuwa muda wa bembea hiyo ni sekunde 2.0 na wa kujisokota ni karibu na hapo, miendo hiyo miwili huchanganyikana hata usijue unapima upi. Kila nilipoliachia kwa mkono, kidole kililisukuma. Nyuzi za nailoni za mshipi zilizidisha tatizo, maana hazirefuki kwa usawa, gurudumu likainama na kitovu chake kikahama. Nilikaribia kulirudisha kwenye baiskeli na kusahau habari nzima.

Dawa ilikuwa mambo matatu kwa pamoja. Kwanza, uzi uliosukwa usiorefuka. Pili, pimamaji juu ya ringi hadi povu litulie katikati. Tatu, ambalo ndilo ninalojivunia, uzi mmoja wa kushonea unaopita katika pete mbili za pembeni na kulishikilia gurudumu lililosokotwa kwa pande mbili zinazotazamana. Unasubiri kila kitu kitulie kabisa, kisha unauunguza uzi huo katikati kwa njiti ya kiberiti. Pande zote mbili huachia kwa wakati mmoja, na gurudumu huanza kujisokota bila kuyumba hata kidogo. Nikipima mitikisiko 20 kwa mkupuo, gurudumu la mbele lilitoa wastani wa sekunde 1.8 na la nyuma 1.5, tofauti inayoelezeka kwa urahisi: habu nzito na kaseti ya gia zimekaa katikati. Gawanya muda huo kwa 2.0, zidisha jibu kwa lenyewe, lipunguze kidogo kwa kuwa ringi ni ndogo kuliko tairi, kisha ongeza 1: ndizo zile 1.7 na 1.5 za mwanzoni.

Sasa thamani yake barabarani. Tuseme gramu 400 zimeondolewa zote kwenye ringi, na unatoka kilomita 30 kwa saa kwenda 40. Unaokoa jouli zipatazo 20, ilhali wewe na baiskeli mnahitaji zaidi ya 2,100 kwa mchapuko huohuo, mbali na ukinzani wa hewa. Kwa mtu anayekanyaga wati 600, hizo ni sehemu tatu za mia za sekunde. Anayeshindania mstari wa mwisho kwa upana wa tairi anaweza kuzitamani, mimi sizitamani.

Hili limenifanya nitilie shaka pia desturi ya kufanya mazoezi kwa magurudumu mazito ili "kujenga miguu". Wati 250 ni wati 250. Gurudumu zito hukupunguzia kasi kidogo tu, halikuongezei kazi usiyoitaka. Sababu ya maana ya kuwa na magurudumu ya mazoezi ni tairi ngumu zisizotoboka ovyo na spoki nyingi zinazovumilia mashimo.

Kuhusu vifaa, mizani ya jikoni inayosoma gramu inatosha kabisa. Usitegemee uzito ulioandikwa na mtengenezaji, kwa sababu mara nyingi hauhesabu utepe wa ringi wala valvu.

Nilikusudia sasa kusuka upya gurudumu la nyuma kwa spoki chache, lakini kazi hiyo nimeiweka kando. Tyubu ya kawaida ya mpira ina gramu zipatazo 100, na zile nyembamba za plastiki hazifiki 40, nao uzito huo umo karibu na ukingo kabisa. Hesabu inasema mtikisiko wa gurudumu la mbele utapungua kwa takribani sehemu mbili za mia za sekunde, yaani sehemu nne za kumi za sekunde kwa mitikisiko 20, kiasi ambacho saa yangu inaweza kukiona. Nyuzi bado zimefungwa kwenye boriti, kwa hiyo tyubu zitatangulia na spoki zitasubiri.