Ini, Mto Nyando na Dripu Niliyoipunguza

"Sista, mbona umepunguza maji na mama bado hajielewi?"

Ilikuwa saa nane usiku, wodini hapa Kisumu. Aliyeuliza ni kijana ambaye mama yake aliletwa jioni kutoka Ahero akitetemeka kwa homa, presha imeporomoka. Maambukizi ya mkojo yalikuwa yameingia kwenye damu na kuleta sepsisi, yaani mwili ukipambana na maambukizi hadi unaumiza viungo vyake wenyewe. Antibayotiki tulimdunga mara moja, dripu tukaiachia ikimbie. Lita ya tatu ilipoanza nikaona mshipa wa shingo umetutumka, anahema, na nikimgusa chini ya mbavu za kulia anakunja uso. Ini lilikuwa limevimba. Nikampigia daktari wa zamu, akaagiza tupunguze maji na kuanza dawa ya kubana mishipa.

Hapo sikuwa na shida. Shida ilikuwa huyu kijana. Kwetu dripu ndiyo matibabu yenyewe. Chupa ikiguswa, simu zinaanza kupigwa hadi kijijini.

Nikaanza kama nilivyofundishwa chuoni. Ini hupokea karibu robo ya damu inayosukumwa na moyo. Sehemu kubwa, kama robo tatu, huja kwa mshipa utokao matumboni, ambao presha yake ni ndogo mno. Iliyobaki huletwa na ateri, mshipa unaotoa damu upande wa moyo. Mshipa ule ukipungukiwa, ateri hutanuka kufidia, lakini sepsisi hulegeza hata msaada huo. Kijana ananitazama tu.

Nikamuuliza, "Mafuriko ya 2020 yalikukuta wapi?"

"Nyumbani. Maji yalifika dirishani, tukahamia shuleni."

"Nyando ilikuwa na mvua peke yake?"

"Hapana, ziwa pia lilikuwa limefura. Mto haukuwa na pa kumwaga."

"Sasa ziwa ndilo upande wa kulia wa moyo, na ini liko pale mtoni, karibu na mdomo. Presha ikianguka, mto unapungua huku juu. Nasi tukizidisha dripu, ziwa linajaa, linausukuma mto nyuma. Damu inasimama ndani ya ini, mpya haipiti."

Akanyamaza. Kisha, "Kwa hiyo tunangoja ziwa lishuke."

Kulipokucha mfuko wa mkojo ulikuwa umeanza kujaa; yeye ndiye aliyeniita nije kuuona. Macho ya mama yalibaki manjano, dalili ya ini lililoumia, kwa zaidi ya wiki, na kila nikiingia zamu kijana ananiuliza ziwa limefika wapi.