Nilivyoacha kukausha mashela kwa AC

Nakodisha mavazi ya bi harusi Malindi, Unguja, kwenye chumba cha chini cha nyumba ya mawe na chokaa. Anayeujua Mji Mkongwe anazijua kuta hizi: wakati wa masika ukiziegemea unaondoka na chokaa mgongoni. Aprili moja nilifungua gauni jeupe linalosubiriwa kesho yake, nikakuta koga imeota kwapani. Sitasimulia simu niliyompigia mama wa bi harusi.

Tangu siku ile AC nikaiweka 18 usiku na mchana. Koga ilipungua, lakini mita ya TUKUZA, ile ya umeme wa kulipia kabla, ikawa inakula uniti tisa kwa siku, na mimi dukani nimejifunika mtandio. Fundi wa AC alipokuja kuisafisha alicheka. "Bibie, wewe hutafuti baridi, unatafuta ukavu."

Akanieleza. AC inakausha hewa kwa kuipitisha kwenye koili baridi mpaka itoe umande, maji yakatoka kwa ule mpira wa nje. Hewa yetu ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80 inaanza kutoa umande ikishuka nyuzi 24 hivi, na ikitakiwa iwe kavu hasa, lazima koili ishuke chini zaidi. Ndiyo maana nilikuwa nalipia ubaridi nisiouhitaji.

Wifi yangu anayeishi Uingereza akaniletea mashine ya kukausha hewa, ile yenye gurudumu la madini yanayonyonya unyevu. Ndani yake mna hita ya umeme ya kulikausha gurudumu linyonye tena. Huko kwao kwenye baridi, joto lile ni neema. Kwangu chumba kiligeuka tanuri, AC ikahangaika kuliondoa joto la mashine, na uniti zikapaa. Siku ya nne nikaizima.

Wazo lenyewe lakini lilikuwa zuri. Kosa lilikuwa kukaushia gurudumu ndani, tena kwa umeme, na jua tunalo bure. Nikanunua silika jeli kilo 12, zile punje za kwenye vipakiti vya maboksi ya viatu, aina ya rangi ya chungwa inayogeuka kijani ikishiba maji. Nikashona mifuko sita ya chandarua, nikaipanga kwenye rafu na feni ndogo ikiipulizia. Bila feni zinanyonya kwa uvivu.

Seremala akanitengenezea sanduku jeusi lenye kifuniko cha kioo cha dirisha kuukuu, nikaliweka juu ya paa. Siku ya kwanza kioo kilijaa matone na punje zikabaki kijani. Nilisahau kwamba mvuke unahitaji pa kutokea! Tukatoboa matundu chini na juu, hewa ikaanza kupanda yenyewe, na ndani joto likafika nyuzi 70 na ushei. Kufika alasiri punje zilikuwa za chungwa tena.

Mfuko mmoja nikiushusha una kilo mbili. Ukishinda dukani mpaka kesho, mizani ya jikoni inasoma kilo mbili na gramu 300. Ukijumlisha yote sita ni karibu lita mbili za maji ambazo AC haikuyagusa. Punje zikinywa maji hutoa joto, kwa hiyo AC sijaiacha. Sasa iko 27, kazi yake ni kupoza tu. Kipimo cha unyevu, kilichokuwa kikisoma 78 AC ikizimwa, kinacheza kati ya 55 na 60, na uniti zimeshuka mpaka nne au tano kwa siku.

Mlango ndio ulionisumbua kuliko vyote. Wateja wanaingia kwa makundi, shangazi na mashoga, wanauacha wazi wakichagua viatu, na kila ukifunguka unyevu wa bahari unaingia nao. Nimeweka ufito wa mpira chini ya kizingiti na pazia zito kwa ndani.

Masika yenyewe, mvua ikishika siku tatu, sanduku la juu halina faida. Hapo naingiza punje kwenye oveni ya gesi, nyuzi 120, kwenye sinia la bati, nikizigeuza kwa mwiko. Mwanangu huuliza kila mara tunaoka nini.